Pumzi ya Beringi

Tangu nirudi, kila anayenikuta kwenye benchi la Mama Neema ananiuliza ilikuwaje Kasulu. Nimejibu vipande vipande. Mmoja nimemsimulia habari ya ndizi, mwingine habari ya duka lililofungwa, na sasa kila mmoja wenu ana safari yake tofauti, ingawa msafiri nilikuwa mimi peke yangu. Nimeona niandike mara moja. Habari za kuomba ruhusa na kukatia gari bima naziruka.

Mnajua mimi sikai mahali. Nimekaa Nzega, Tunduma, Makambako, Babati, na hapa Singida huu ni mwaka wa nne, nao umeanza kuniwasha. Wachache mnajua kwamba kabla ya miji hiyo yote nilikuwa mwanafunzi wa gereji Kasulu. Nilipomaliza kidato cha nne nilipokewa na fundi Hamadi, mtu wa Tanga aliyefika Kigoma kufuata kazi ya miezi sita, akaoa, akazaa, na hakurudi tena pwani. Kazi yake kubwa ilikuwa magurudumu: ekseli zilizopinda, habu (vitovu vya magurudumu) zilizolika, beringi zinazolia. Kwa kuwa natumia mkono wa kushoto, aliniita Shoto, na jina langu la shule likapotea hapo hapo.

Beringi za mbele za pikapu za zamani hushikwa na nati moja. Unaikaza kwa nguvu huku unazungusha gurudumu ili rola, vile vyuma vidogo vya mviringo ndani ya beringi, zikae, kisha unailegeza yote, kisha unaikaza upya kwa vidole tu, bila spana, mpaka usikie imegusa. Baada ya hapo unachomeka pini na kukunja miguu yake ili nati isizunguke. Ule upenyo mdogo unaobaki, ambao jicho halioni, fundi Hamadi aliuita pumzi. "Ipe pumzi," alikuwa akisema. "Chuma kikipata moto kinavimba. Usipokiachia pa kuvimbia, kitajitafutia chenyewe."

Ijumaa moja, nikiwa na miaka ishirini na moja, sikuipa pumzi. Kulikuwa na mechi uwanjani, nami nilitaka kuikuta tangu mwanzo. Nilikaza nati kwa spana, nikachomeka pini, nikaondoka. Jumamosi ile pikapu ilipeleka maharage upande wa Kasanda. Beringi iliungua, gurudumu likachomoka, gari likalala mtaroni. Mwalimu mmoja wa kike aliyekuwa amepewa lifti alivunjika mkono wa kulia. Fundi Hamadi alikwenda huko, akarudi jioni, na mwenye gari akamjia juu mbele ya watu wote. Fundi akasema, "Kazi ni yangu. Nilifunga mimi." Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, nimeshika kopo la petroli lenye rola ndani, nikaendelea kuziosha. Jumapili asubuhi nilipanda lori hadi Nyakanazi. Sikuaga.

Hiyo ni miaka ishirini na mitatu iliyopita. Mwezi uliopita, siku ya Jumatatu, nilipigiwa simu na Mwanaidi, binti yake, ambaye nilimwacha akiwa darasa la pili. Namba aliipata kwa dada yangu. Alisema mama yake amefariki, gereji inafungwa, na yeye anamhamishia baba yake Tanga. Basi lao ni la Jumapili alfajiri.

"Kama unataka kumwona, njoo kabla ya hapo," alisema. "Ila kaka, ukija uongee naye kwa nguvu."

Nilidhani mzee anakataa kuhama, na kwamba natakiwa nimshawishi. Nikamwambia sawa, nitaongea naye kwa nguvu. Moyoni nilikuwa na sentensi moja tu ya kumwambia, na haikuhusu kuhama.

Singida hadi Kahama

Nilitoka Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi na pikapu yangu. Mpaka Nzega hakuna la kusimulia. Nilipita mbele ya nyumba niliyopanga zamani, nikakuta imekuwa kituo cha bodaboda. Nilisimama, nikaitazama, nikaona sina ninachokikumbuka isipokuwa mlango ulikuwa wa bluu. Ndivyo ilivyo kwa miji yangu yote. Naondoka nikiwa nimeichoka, na nikipita tena najiona kama niliyefukuzwa.

Baada ya Nzega nilianza kusikia mvumo. Ulikuwa mdogo, kama mtu anayeimba akiwa amefunga mdomo. Nilijiambia ni tairi.

Kahama hadi Kakonko

Ijumaa asubuhi, baada ya kulala Kahama, nikinywa chai na chapati kwenye mgahawa, bwana mmoja mwenye begi la nguo na ndoo ya mbegu aliniomba lifti. Aliitwa Mushi, bwana shamba kutoka Moshi, aliyehamishiwa Kakonko miaka sita iliyopita na bado anahesabu siku. Alikuwa msemaji, na kwa sababu ya mvumo ilimbidi apaze sauti.

"Gari lako linavuma," aliniambia baada ya Runzewe.

"Ni tairi."

"Tairi gani linavuma zaidi tukikata kushoto?"

Gari likikata kushoto uzito huenda kulia, na beringi ya kulia ikiwa mbovu hapo ndipo hulia zaidi. Hilo nililijua kabla yeye hajajua kuendesha baiskeli. Nikamwambia, "Lami ya hapa ina mawe makubwa."

"Mimi si fundi," alisema. "Mimi ni mtu wa mahindi. Lakini hata mahindi yakianza hivyo hatusemi ni upepo."

Alicheka mwenyewe. Kisha akaniuliza ninafanya kazi gani, nikasema naendesha. Akaniuliza kama nimewahi kuwa na ufundi wowote, nikasema hapana. Sijui kwa nini nilimdanganya mtu ambaye singemwona tena. Nadhani ni mazoea. Kwa miaka yote hiyo sijagusa spana mbele ya watu.

Nilimshusha Kakonko saa tano na nusu. Alishika ndoo yake, akazunguka mbele ya gari, akaweka kiganja karibu na gurudumu la kulia bila kuligusa, akakiondoa haraka. "Hilo tairi lako lina homa," alisema. "Haya, safari njema."

Kasanda

Nilikuwa nimeapa kupita Kasanda bila kusimama. Lakini gari lilikuwa limeanza kutetemeka kwenye usukani, nikalazimika kuegesha ili gurudumu lipoe. Njia ya vumbi niliyoijua sasa ni lami, na mtaro ni wa zege. Nilijaribu kutafuta mahali penyewe nikashindwa. Mahali palipoharibu maisha yangu hapakuwa na alama yoyote.

Mama mmoja alikuwa ameketi na mikungu ya ndizi. Nilimsalimu, tukaongea habari za mvua. Kisha nikamuuliza, kama mtu anayepitisha muda tu, kama alisoma shule ya hapa na kama anamkumbuka mwalimu aliyewahi kuumia mkono kwa ajali ya gari.

"Mwalimu Paulina," alisema. "Yule wa Mbeya. Alitufundisha hesabu."

"Mkono ulipona?"

"Haukunyooka. Akajifunza kuandika ubaoni kwa mkono wa kushoto. Mwanzoni herufi zilikuwa zinaanguka, sisi tunacheka. Tukamwita Mwalimu Shoto." Alifukuza nzi kwenye ndizi. "Alistaafu, akarudi kwao. Ulikuwa ndugu yake?"

"Hapana. Nilisikia tu."

Nilinunua ndizi nyingi kuliko nilizoweza kula. Alinisaidia kuzipakia, akaona ninavyolitazama gurudumu, akaniambia niende buhoro. Kwa Kiha maana yake ni polepole, lakini wanalisema kama wanakuombea jambo.

Kibondo, siku moja ambayo haikuwamo kwenye mpango

Niliingia Kibondo nikitembea mwendo wa baiskeli. Wenye baiskeli wenyewe walinipita, mmoja akanipungia mkono. Nilielekezwa duka la spea la Bwana Salum, karibu na soko, nikamkuta amevaa kanzu na anashusha mlango.

"Bwana, nina haraka sana," nilimwambia.

"Na mimi pia. Imamu hanisubiri." Alifunga kufuli. "Ijumaa kwanza, beringi baadaye. Kaa hapo kivulini na huyo Dezire."

Dezire alikuwa fundi wa baiskeli na pikipiki, mwenye kibanda cha turubai ubavuni mwa duka. Alikuwa mtu mwembamba wa umri wangu, mwenye Kiswahili cha ng'ambo ya mpaka. Aliniangalia, akaliangalia gari, akapiga gurudumu kwa teke dogo la upande.

"Iko na rulema mubaya, hii," alisema.

Kutoka Kasanda nilikuwa sina kingine kichwani ila mkono usionyooka. "Nani kilema?" nilimuuliza, na sauti ilitoka kali. "Umesikia wapi habari hizo?"

Alirudi nyuma hatua moja. "Pole, papa. Sijatukana mutu. Rulema. Ya ndani ya gurudumu. Ile inazunguka."

Ilichukua muda nielewe kwamba kwao beringi ndiyo rulema, neno la Kifaransa lililopita Bujumbura likafika hapa. Nilimwomba radhi. Alicheka mpaka akakaa chini, na kila aliyepita sokoni alisimuliwa habari ya mzee aliyetukanwa na beringi.

Alinipeleka kula kwa mama anayepika nyuma ya soko. Tulikula ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa ziwani, iliyopikwa kwa mawese. Nilikuwa sijaonja mawese kwa miaka mingi na nilisahau kwamba yana harufu ya gereji ya fundi Hamadi saa saba mchana, mkewe alipokuwa akituletea sufuria. Dezire alisema nakula kama mtu anayelipiza kisasi.

Bwana Salum alirudi saa nane. Beringi ya ndani alikuwa nayo, ya nje hakuwa nayo. Akapiga simu Kasulu. Ipo, itakuja kesho na basi la asubuhi. Yaani mimi nilitaka kwenda Kasulu, na beringi ilitakiwa itoke Kasulu inifuate nilipo ili niweze kwenda ilikotoka. Nilimwambia sina nafasi ya kusubiri, kuna mzee anaondoka Jumapili.

"Mzee gani?"

"Fundi Hamadi."

"Aa, mzee wa Tanga," alisema. "Mtu mwema. Basi nenda, ukaache gurudumu njiani." Yeye hakujua alichokisema.

Basi la Jumamosi lilitegemewa saa tatu. Lilikuja saa tano, kwa sababu njiani lilimsubiri bibi harusi aliyesahau viatu. Beringi ilikuwa mikononi mwa kondakta, imefungwa kwenye gazeti kama samaki. Dezire alitaka kufunga yeye. Nikamwambia naweza.

Niliinua gari kwa jeki, nikatoa habu, nikapiga kikombe cha zamani, ile pete ya chuma ambamo rola huzunguka, kwa patasi na nyundo mpaka kikatoka. Mikono ilikumbuka kuliko nilivyotaka. Nilisukuma grisi ndani ya rola kwa kiganja, kidogo kidogo, mpaka ikachungulia upande wa pili. Dezire alikuwa ameacha baiskeli ya mtu akaja kuchuchumaa karibu.

"Kumbe uko fundi," alisema. "Na uko wa kushoto."

Nilikaza nati huku nazungusha gurudumu. Niliilegeza. Nilipoikaza tena kwa vidole niliona bado, nikaogopa gurudumu lisije likalegea barabarani, nikachukua spana nikaongeza kidogo. Kidogo tu. Jua lilikuwa limeshapita utosini. Nikachomeka pini, nikaikunja.

"Papa, pini umeikunja kinyume," alisema Dezire. "Sisi wote tunakunja kwa mukono wa kuume."

"Inashika tu," nikamwambia, nikapachika kifuniko.

Kibondo hadi Kasulu

Sikusikia mvumo tena. Nilipita njia panda ya kwenda kambi ya wakimbizi ya Nduta, magari meupe ya mashirika yakinipita kwa haraka yao ya kila siku, nikapita milima ile ambayo kila mmoja unadhani ni wa mwisho. Nilirudia sentensi yangu kwa sauti: fundi, beringi ya Kasanda nilifunga mimi. Niliisema kwa upole, niliisema kwa haraka, niliisema kama mtu anayeomba chumvi. Katikati ya njia nilisimama kula ndizi, nikaweka mkono kwenye habu. Ilikuwa ya moto. Nilijiambia ni jua.

Kasulu

Nilifika saa kumi alasiri. Nilitegemea kumkuta mzee peke yake. Nilikuta uwanja wa gereji umejaa watu waliokuja kumuaga: madereva wa zamani, mama muuza maharage wa jirani, mganga wa zahanati, na wanaume watatu wakishindana bei ya meza ya chuma. Mwanaidi, ambaye sasa ni mama mtu mzima, alikuwa anafunga vikombe kwenye magazeti. Fundi Hamadi alikaa kwenye kiti kilichong'olewa garini, kofia ya kushonwa kwa mkono kichwani, mdogo kuliko nilivyomwacha.

"Shikamoo, fundi," nilisema.

Alinitazama mdomo.

"Sema kwa nguvu, kaka," alisema Mwanaidi. "Si nilikwambia kwenye simu? Hasikii. Mwaka wa tatu sasa. Na kusoma hajui, kwa hiyo ni kupiga kelele tu."

Ndipo nilipoelewa. Nilisafiri siku tatu na sentensi ya kunong'ona.

"Shikamoo, fundi!" nilipaza.

"Marahaba." Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko yangu, maana asiyesikia hajipimii. Akainua mkono akanishika kidevu kama ng'ombe anayekaguliwa. "Shoto," alisema. "Umenenepa."

Watu wakacheka. Alinionyesha kreti nikae. Wote walikuwa wananitazama, wanangoja niseme jambo. Nilivuta pumzi. Nilifungua mdomo niseme ile sentensi, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, na nikasema, "Fundi, barabara siku hizi ni lami tupu!"

"Najua," alijibu. "Mimi ni kiziwi, siyo kipofu."

Walicheka zaidi, na mimi nikacheka nao. Katika mambo yote ya safari hii, kicheko kile ndicho ninachokionea aibu zaidi.

Mzee alikuwa ameacha kunitazama. Alikuwa ananusa. Aliinuka, akaenda kwenye pikapu yangu, akagusisha mgongo wa mkono kwenye habu ya kulia. "Jeki," alisema. Mmoja wa madereva akaleta. Mwanaidi akasema, "Baba, umestaafu," lakini mzee alikuwa amempa mgongo, kwa hiyo ni kama hakuambiwa kitu.

Gurudumu lilipoinuliwa alichukua bisibisi ndefu yenye mpini wa mti. Zamani tuliweka ncha kwenye habu na mpini sikioni, tukasikiliza. Yeye sasa aliuma mpini kwa meno, mtetemo umpitie kwenye mifupa. Aliniashiria nizungushe. Nikazungusha, naye akafumba macho, bisibisi imechomoza mdomoni kama kiko kirefu, na uwanja mzima ukanyamaza ingawa ukimya wetu haukuwa na faida kwake.

Alitoa bisibisi mdomoni. "Haina pumzi," alisema. "Imebanwa. Ungefika nusu tu ya njia ya kurudi."

Aling'oa kifuniko, akafuta grisi kwa kidole gumba. Akaitazama pini. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko pini inavyohitaji. Kisha akasema, kwa ile sauti yake isiyo na kipimo, bila hasira, kama anayesoma namba ya gari:

"Imekunjwa kushoto. Ile ya Kasanda nayo ilikunjwa kushoto."

Mwanaidi aliacha kikombe nusu kimefungwa. "Kasanda ipi?" aliuliza mama wa maharage. Mganga alianza kuangalia viatu vyake.

"Niliitoa mwenyewe kwenye shafti," aliendelea mzee. "Ilikuwa imebadilika rangi kwa moto. Nikaiona. Gereji hii haikuwa na mtu mwingine wa kushoto."

Nilichuchumaa mbele yake ili aone mdomo wangu. "Nisamehe, fundi," nilisema.

"Unasemaje?"

"Nisamehe!"

"Sikusikii."

Nikasimama. Sikuwa na kitu cha kuficha tena, kwa hiyo nilipiga kelele, mikono pembeni kama mtoto anayekariri: "Beringi ya Kasanda nilifunga mimi!"

"Hilo nimeshalisema mimi," alijibu. "Legeza nati."

Nililegeza nati. Nilipoanza kuikaza upya alinishika kifundo cha mkono, akaninyang'anya spana, akaiweka chini nyuma yake. Nikakaza kwa vidole. Alizungusha gurudumu, akauma bisibisi, akatikisa kichwa; nikalegeza unywele mmoja; akauma tena. Mara ya nne akatulia. "Hapo," alisema. "Hapo inapumua." Alinipa pini mpya, akaniachia niikunje. Nikaikunja kushoto. Akapachika kifuniko.

Tulipokuwa tunanawa mikono kwa petroli, yeye na mimi kwenye kopo moja, nilimuuliza kwa kelele kwa nini hakusema. Alifikiri kidogo, kama swali lilikuwa geni kwake.

"Niseme nini, na ulikuwa umesimama pale pale? Nilitaka useme wewe. Ulipoondoka, nikamwambia mke wangu, kijana ameona aibu, amekwenda kupumua. Atarudi Jumatatu." Alijifuta kwa kitambaa. "Spana zako nikaziweka kwenye kopo, zisichanganyike na za watu."

"Ziko wapi?" nilimuuliza Mwanaidi, si kwa kelele.

Mwanaidi alitazama pembeni. "Fundi wa baiskeli wa kijiji cha Kitanga alikuja kumuaga, baba akampa. Baba alikaa nazo miaka yote, mimi nazijua tangu nikiwa mdogo, tulikuwa tumekatazwa kuzigusa."

"Alimpa lini?"

"Jana, kaka. Jana mchana."

Jana mchana nilikuwa Kibondo, nakula migebuka, nasubiri duka lifunguliwe. Kama ningesimama baada ya Nzega nilipousikia mvumo, ningefungua gurudumu pale pale, ningepata spea Kahama jioni ile, na Ijumaa mchana ningekuwa Kasulu. Lakini nilijiambia ni tairi.

Jumatatu

Jumapili alfajiri niliwapeleka stendi. Mzee aliketi dirishani, akagonga kioo, akanionyesha kwa vidole vitatu jinsi ya kukaza nati: kidogo, kidogo, basi. Nilimpungia mkono. Basi lilipoondoka nilibaki nimeshika mfuko wa ndizi niliosahau kumpa.

Nilikuwa nimepanga kurudi Singida siku ile ile. Sikuweza. Nilishinda nimelala kwenye chumba cha wageni, nasikiliza kengele za kanisa na watu wakipita wakiongea Kiha, lugha niliyowahi kuisikia vizuri na sasa naokota neno moja moja.

Nilitoka asubuhi iliyofuata. Njia ya kurudi ni ndefu na haina la kusimulia. Gurudumu halikutoa sauti yoyote mpaka nyumbani, na kwa mtu aliyekuwa akisafiri peke yake ukimya ule ulikuwa mwingi. Lakini kabla ya kushika barabara ya Kibondo nilipitia gereji. Lango lilikuwa limefungwa kwa kufuli mpya. Kibao kilikuwa kimeshang'olewa, misumari miwili imebaki. Mama wa maharage alikuwa anapanga madebe yake, akanitazama, akaendelea kupanga.

Nilisimama mbele ya lango kwa muda, funguo za gari mkononi. Ilikuwa saa mbili asubuhi, saa tuliyokuwa tukifungua. Ilikuwa Jumatatu.